Mpiga Ngoma Aliyetoka Wakati wa Matangazo

Nianze na ujinga wangu tuumalize. Jumapili ile nilimdanganya mpiga ngoma wetu kwamba kuna dem anamwulizia nje ya kanisa. Hakukuwa na dem. Kulikuwa na kuku wawili na mama wa viazi karai kando ya lango, na yule mama alikuwa na umri wa kumzaa mpiga ngoma na baba yake pia.

Nilichagua wakati wa matangazo kwa sababu katika kanisa letu la mabati hapa Kabiro, Kawangware, matangazo ni marefu kuliko mahubiri. Nani amejifungua, nani ameibiwa mtungi wa gesi, kina mama wa usafi wakutane Jumamosi na tafadhali wasiende na sabuni ya kanisa nyumbani. Mpiga ngoma hakuwa mtu wa kutokatoka. Alifanya kazi ya mjengo wiki nzima, na kila Jumapili alitembea kutoka Kianda kule Kibera mpaka kwetu Kawangware kutupigia ngoma bure. Ndiye alinifundisha kushika vijiti. Nilimwita buda, yeye akaniita kichwa ngumu.

"Buda, kuna dem huko nje. Amesema anataka kuongea na wewe tu."

"Wacha mchezo."

"Amevaa manjano."

Sijui manjano niliitoa wapi, lakini ndiyo iliyomwinua. Aliweka vijiti kitini, akapangusa viatu nyuma ya suruali, kimoja halafu kingine, akatoka polepole kama mtu anayeenda choo tu. Mimi nikahamia dirisha la nyuma nimwone akizunguka na wale kuku. Nilikuwa nimeziba mdomo, nacheka.

Hapo ndipo kile kitu kikarushwa ndani kupitia dirisha la upande wa ngoma.

Mlipuko wenyewe siwezi kuueleza, na nikijaribu nitauharibu kwa maneno. Mama wa kayamba, rafiki wa mama yangu, yule aliyezoea kunipa peremende ili ninyamaze wakati wa maombi, alikuwa amekaa kando ya ngoma. Moshi ulipopungua niliona peremende zake zimetapakaa sakafuni, nikawaza: leo sikunyamaza na bado amenipa. Hicho ndicho kichwa changu. Hata siku ile kilileta utani, na tangu hapo ninakiogopa.

Polisi walikuja, wakabeba waliokufa na waliokuwa bado wanapumua, wakafunga utepe mlangoni, wakasema watu wa uchunguzi watafika kesho. Sasa, kwetu damu hailali kanisani. Jumatatu mapema kina mama wa usafi walifika na ndoo, mama yangu akiwa mbele, maana yeye ndiye kiongozi wao. Walifungua ule utepe, wakaukunja vizuri kama kitambaa cha meza, wakauweka juu ya mimbari. Wakamwaga sabuni ya unga. Mimi nilibeba mitungi ya maji. Walisugua sakafu, wakasugua kuta na fremu ya dirisha, kisha wakatoka nje wakafagia hata udongo wa chini ya dirisha, kwa sababu ulikuwa umekanyagwakanyagwa na ulionekana mchafu. Walikuwa wanalia, wanasugua, wanaimba chini kwa chini. Hakuna aliyedhani anakosea. Ungeachaje damu ya mama wa kayamba ikanyagwe na viatu vya wageni?

Afisa wa uchunguzi alipofika na vijana wake wenye glavu, alisimama mlangoni akanusa.

"Nani ameosha hapa?"

"Ni sisi," mama akajibu, kwa ile sauti ya mtu anayengoja kuambiwa asante.

Afisa alikaa kwenye benchi akavua kofia. "Mama," akasema, bila hasira hata, "chini ya hilo dirisha alisimama mtu. Mmemfagia."

Kwa kuwa dirisha halikuwa na la kusema tena, wakageukia watu. Nani aliingia, nani alitoka. Na kanisa zima, watu ambao hawakumbuki hata mahubiri yalihusu nini, walikumbuka jambo moja: mpiga ngoma alitoka. Hajawahi kutoka, na siku hiyo akatoka. "Na alipangusa viatu kwanza," dada mmoja wa kwaya akaongeza, kana kwamba viatu safi ni silaha. Kesho yake asubuhi walimchukua Kianda, akinawa uso kwenye karai nje ya mlango wake.

Dada yake alikuja kanisani na shati lake safi mkononi. Alisimama pale langoni akiuliza kila mtu.

"Anawaambia polisi aliitwa na dem. Wanamcheka. Kuna mtu hapa aliona huyo dem? Amevaa manjano, ati. Hata mmoja hakumwona?"

Nilijificha nyuma ya mama. Jioni, mama akikata sukuma wiki, nikamwambia yote. Kisu kikasimama. Mama yangu ni mtu wa kurudi dukani akigundua amepewa chenji zaidi. Alinawa mikono, akavaa sketi ya kanisa, akasema, "Twende."

Kituoni tulimkuta afisa na mchungaji. Nikaeleza yote, hata kuku.

"Kwa hivyo dem ni wewe," afisa akasema.

"Ndio, sir."

Akamtazama mchungaji. Mchungaji akapumua kwa kuchoka. "Huyu kijana juzi juzi aliwaambia watoto wa Sunday School kwamba nimekufa. Mmoja aliniletea maua. Na anampenda sana huyo mpiga ngoma. Atasema chochote amtoe."

Nilingoja afisa acheke, au anifukuze. Hakufanya hata moja. Alivuta kiti karibu.

"Au labda hudanganyi," akasema. "Ulimtoa mtu aliyekaa pale pale kitu kilipoangukia. Halafu wewe mwenyewe ukaenda dirisha la mbali kabisa. Ulijuaje pa kusimama? Nani alikutuma?"

Nilitafuta utani, hata ule mbaya, nikakuta hakuna kitu humo ndani.

"Nilitaka tu kumwona akitafuta huyo dem," nikasema. Hata mimi nilisikia jinsi inavyosikika.

"Mama, mlete kesho asubuhi. Tuandike taarifa yake vizuri."

Tulipotoka, dada wa mpiga ngoma alikuwa kwenye benchi la nje, lile shati magotini. Akainuka. "Mama, wamesemaje? Wamekubali?" Mama yangu, ambaye husalimia hata mbwa wa majirani, alimpita kana kwamba ni ukuta. Alinishika mkono juu ya kiwiko na hakuniachilia mpaka tukafika barabarani. Mkono wake bado ulinuka ile sabuni.

Ninaandika maneno yake jinsi yalivyotoka, kwa sababu asubuhi yake niliyatii, neno kwa neno, nikayatia sahihi, na mpiga ngoma yuko rumande mpaka sasa. Alisema:

"Hukuongea na yeye. Ulikuwa umekaa na mimi tangu maombi ya kwanza, na yale uliyomwambia afisa yalikuwa hadithi zako za kawaida, umezoea. Nimepoteza rafiki wiki hii, sitapoteza mtoto. Huyo kijana ana watu wake. Wamtafutie maneno."