Blugamu Niliyoikausha

Miaka ile ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, tuliishi kwenye shamba la mzungu, njia ya kwenda Mau Narok: mimi, mume wangu, mtoto wetu mchanga na mama mkwe. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kwenye laini ya wafanyakazi, karibu kabisa na barabara, na ukingoni mwa barabara palisimama blugamu moja ndefu, nene, imeinama. Ingeinamia barabara ningesema heri. Ilituinamia sisi.

Upepo wa Mau si wa mchezo. Ukivuma, mti ule ulilia juu ya paa letu la nyasi, nami nilimkumbatia mtoto. Mume wangu alimwendea nyapara mara tatu kuomba ruhusa ya kuukata. Jibu likawa lile lile: mti mbichi ni wa bwana, mti mkavu ni wenu, pasueni kuni. Mara ya tatu nyapara akamwambia akirudi tena atafukuzwa shambani. Mume wangu hakurudi tena. Alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa ukinichoma roho.

"Kwa hiyo unangoja tufukiwe?" nilimuuliza.

"Sasa nifanye nini, mama mtoto?"

Wee! Mimi nilijua la kufanya. Ubishi nilizaliwa nao. Kila mchana niliruhusiwa kutoka kwenye kibarua cha kuchuma maua ya pareto nije kumnyonyesha mtoto. Basi mtoto akishalala, nachukua kisu cha jikoni, napiga magoti nyuma ya shina, nabambua ganda mpaka kwenye mti mweupe. Leo kidogo, kesho kidogo, mpaka nikalizunguka shina lote, chini kabisa penye nyasi. Blugamu hujibambua maganda yenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeshuku. Haki ya Mungu, nilijiona mjanja kuliko wanaume wote wa shamba lile.

Mti ulichukua zaidi ya mwaka kufa. Majani yakawa mekundu, yakapukutika. Nyapara akaja, akautazama juu chini, akasema haya, kateni. Niliingia ndani nikacheka peke yangu.

Lakini kuuangusha hivi hivi kungevunja nyumba. Ilibidi mtu apande, apunguze matawi, kisha afunge kamba juu ili wenzake wauvute kuelekea barabarani. Mume wangu alikuwa akipanda miti tangu utotoni. Jumapili ile wanaume watano wakasimama barabarani na kamba wakimngoja. Alipanda polepole mno, kila tawi akilijaribu kwa mguu kabla ya kuliamini, maana mti mkavu hauna huruma. Yeye alilijua hilo. Mimi, mjanja, sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Mti mbichi ungembeba.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, mjukuu mgongoni. Mawingu yalikuwa yameshika upande wa Mau.

"Harakisha, mwanangu," akaita. "Mvua hiyo!"

Akaharakisha. Tawi likakatika.

Alikufa kabla lori la shamba halijafika kumpeleka hospitali Nakuru.

Wakati wa matanga mama mkwe alikataa chakula. "Ni mimi," alikuwa akisema. "Alikuwa anapanda vizuri, mimi nikamharakisha. Nimemuua mwanangu kwa mdomo wangu." Wanawake wakamwambia ni kazi ya Mungu, asijitese. Nami nilikuwa pale pale ubavuni mwake, nimemshika mkono. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nikafungua mdomo, na nilichosema ni, "Nyamaza, mama. Kunywa uji."

Nilijiambia nitasema akipata nguvu. Alipopata nguvu nikaogopa atanichukia, nami sikuwa na mtu mwingine duniani ila yeye na mtoto. Tuliishi pamoja miaka minne. Nyama kidogo ikipatikana, alinipa mimi ile nono. Aliwaambia majirani hajaona mkwe mwenye moyo kama wangu, kuishi na mwanamke aliyemfanya mjane bila kumtupia neno baya. Nilikuwa nikisikia hayo, nainuka, najifanya nimeenda kuchota maji.

Mwisho alishikwa na kifua. Siku ya kufa kwake alinivuta karibu, akaniomba nimsamehe kwa kifo cha mume wangu. Mpaka leo najichukia kwa jibu nililompa.

Nilimwambia, "Nimekusamehe, mama."