Konzi la Kimea

Mwezi uliopita nilirudi Busia, baada ya miaka mingi ya kuhamahama, leo Malaba, kesho Juba, keshokutwa Mombasa. Jumapili nikaenda kuabudu katika kanisa lililonilea. Wameliezeka upya. Ukutani, mbele kabisa, wameandika kwa rangi ya buluu mambo wanayoyasimamia: Ukweli, Upendo, Ukarimu, Uaminifu. Herufi nzuri, zimenyooka. Nisamehe, rafiki yangu, lakini mimi nikiona neno Ukweli limepakwa rangi ukutani, najiuliza ni nani aliyedanganya.

Zamani zetu hapakuwa na maandishi. Tulikuwa na nyungu.

Ilikaa jikoni kwa kanisa, tumbo kubwa, mdomo umefunikwa sahani ya bati. Kila mama, kabla ya kusaga wimbi, yaani ulezi, wa siku hiyo, alichota konzi moja na kuliweka kando kwenye kopo. Jumapili alilileta limefunikwa kwa leso, akamimina ndani ya nyungu bila kufunua, mkono chini ya kitambaa, ili asijulikane aliyeleta mwingi na aliyeleta kidogo. Wimbi huo ulipikiwa uji yeyote aliyefika na njaa: mama aliyetoka kujifungua, wafiwa waliovuka kutoka upande wa Kenya, utingo ambaye lori lake limekwama mpakani siku nne. Hakuna aliyemwuliza mtu dini yake. Bado nausikia ule uji puani, moshi wa kuni na ukwaju, na mlio wa jiwe la kusagia alfajiri.

Mtunza nyungu alikuwa nyanya yangu. Sote tulimwita Kukhu, kama Wasamia wanavyowaita nyanya zao. Kazi yangu nyumbani, nikiwa msichana wa miaka tisa hivi, ilikuwa kuweka lile konzi kando kila asubuhi. Wiki moja mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, ulinikolea, nikasahau siku tatu mfululizo. Jumamosi nikaona kopo liko nusu, na Kukhu hakuwa mtu wa kuchezewa.

Njiani kuelekea kisimani kulikuwa na boma la mpika pombe, mtu asiyekanyaga kanisani. Alikuwa ameanika wimbi kwenye turubai. Nikachota makonzi matatu, nikakimbia kuyatia koponi. Niliona punje zina vimizizi, nikatafuna chache, zikawa tamu. Kwetu pombe haikuingia mlangoni. Kimea, nafaka iliyooteshwa ya kupikia pombe, sikuwahi kukiona. Kwangu wimbi ulikuwa wimbi.

Kesho yake baada ya ibada Kukhu akaupepeta wimbi wa nyungu kwenye ungo. Mkono wake ukasimama. Akina mama wakasogea, wakainama, wakanusa.

"Hii ni kimea," mmoja akasema.

"Haki ya Mungu, nyungu yetu imeokoka mpaka imeota mizizi!" mwingine akadakia, na wengine wakacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni.

Kisha macho yote yakahamia kwa mtu mmoja. Jirani yetu, mjane, aliwahi kupika pombe Tororo miaka mingi. Alikuwa ameokoka misimu miwili tu. Kwetu, mama akigundulika anapika pombe, aliondolewa kwenye Meza ya Bwana, akakaa benchi la nyuma mpaka aungame mbele ya watu wote.

"Mnaniangalia mimi kwa nini?" mjane akauliza. "Hiyo kazi niliacha. Nyungu ya pombe nilivunja, nyinyi mkiona."

"Dada, Yesu alibadilisha maji," yule mcheshi akasema. "Wewe unabadilisha wimbi?"

Mchungaji akaitwa. Akasema kwa upole, "Aliye na neno aseme. Tutembee katika nuru."

Nikamtazama Kukhu. Makopo yalikuwa yamepangwa juu ya meza, akawa anayatazama moja moja. Akalichukua letu, akachungulia ndani, kwenye ile mikunjo ya bati ambako vitu vidogo hunasa. Akalipangusa kwa ncha ya leso yake, polepole, akalifunika. Kisha akasema, "Tumwombee dada yetu."

Wakamwombea, wengine kwa machozi. Mjane alisimama wima, hakuinamisha kichwa.

Alikaa benchi la nyuma Jumapili tatu. Ya nne hakuja. Tukasikia amehamia Osukuru, na baadaye kwamba amerudia kupika pombe. Watu wakasema, si tulijua? Ila tangu wiki ile Kukhu hakunituma tena kuweka konzi. Aliamka na kuliweka mwenyewe. Hakuniuliza hata siku moja, mpaka tukamzika. Nami nimezunguka na shaka hii miaka yote: alikuwa ananilinda mimi, au nafasi yake?

Nyungu nayo haikupona. Leso ziliondolewa. Kila mama alimwaga wimbi wake kwenye ungo mbele ya wenzake, wakachambua punje kwa kidole, wakitazamana usoni zaidi ya walivyotazama wimbi. Makopo yakapungua. Kikaja kipindi cha pakiti za unga wa dukani, zilizofungwa, na baadaye hata hizo zikakoma.

Mwezi uliopita, baada ya ibada, niliketi na akina mama wakinywa chai. Nikauliza habari za nyungu. Vijana hawakuijua. Mama mmoja mzee ndiye aliyekumbuka.

"Ile? Iliharibiwa na yule mama mlevi. Alitia kimea."

Nikasema, "Mama, si yeye. Ni mimi. Niliiba kwenye turubai la mpika pombe, yeye alisingiziwa."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akajifuta macho.

"Wewe? Mjukuu wa Kukhu? Acha kunidanganya, mwanangu. Una moyo mzuri kama nyanya yako, kutaka kumfunika mwenye dhambi."

Nikaapa. Akanipigapiga mgongoni. Wenzake wakanitolea tabasamu, wote, na nikatafuta katika nyuso zile japo jicho moja la kunishuku, nisilipate. Akanijazia kikombe, akaongeza sukari, akaniambia nikae, nisiwe na haraka, hapa ni kwetu.