Maziwa ya Anga za Juu

Serikali ilipofungulia soko, Tukuyu tulipata mitumba, dawa ya meno ya kila rangi, na shule za watu binafsi. Kaka yangu alifundisha baiolojia katika mojawapo. Mwenye shule, mfanyabiashara wa viazi kutoka Isongole, alikuwa ameshaweka geti la chuma; maabara, alisema, itafuata. Kaka akaapa mbele ya mtaa mzima kwamba asipoipata muhula ule, anaacha kazi.

Akamwalika tajiri nyumbani aone jaribio. Kaka alikuwa na gramafoni mbovu ya umeme, inayozunguka kwa uvivu. Akaisimamisha kwa ubavu, akaifungia chupa ya maziwa yaliyotiwa kijiko cha mgando, maziwa yaliyokwisha kuganda. Ikazunguka usiku kucha, na umeme, kwa heshima ya sayansi, haukukatika. Chupa ya pili, ya maziwa yaleyale, ilitulia mezani.

"Angani hakuna chini wala juu," alinieleza. "Hapa uzito upo palepale, lakini nikiwazungusha, bakteria hawapati nafasi ya kutuama. Tuone kama watafanya kazi vilevile."

Kujua kama wameongezeka kulihitaji hadubini. Hadubini ndiyo iliyokuwa ikiombwa.

Tajiri alipofika, kaka alimpokea nje, wakaongea bei ya viazi. Walipoingia, mama alikuwa ameshafanya lake. Kwetu mgeni haachwi akitazama maziwa. Chupa ya mezani ilikuwa imemiminwa bakulini, kando ya ndizi za moto.

"Mama! Hayo ni ya kulinganishia!"

"Utalinganisha ya kesho. Mgeni amekuja leo."

Tajiri akala mpaka akaramba kijiko. "Ndaga fijo, mama," akashukuru. "Yameganda hasa."

Kaka akamwonyesha yaliyozunguka: machachu, mepesi, yamejaa vipande kama uji uliomshinda mpishi.

"Kumbe ukiyazungusha yanaharibika."

"Hayajaharibika, mzee! Hayakushikana tu. Labda bakteria wamebadilika, labda ni mzunguko umewavuruga. Bila maabara sitajua."

"Mwalimu, umefika angani kwa gramafoni. Maabara ya nini tena?"

Wiki iliyofuata fundi rangi aliandika "Sayansi ya Anga" kwenye ukuta wa shule, na wazazi wakaleta watoto hadi kutoka Kisondela. Kaka akaacha kazi. Tajiri alisikitika sana. Akatuma mtu kuuliza kama mama angeweza kupeleka mgando shuleni kila Ijumaa.