Murunga, mfukuza njiwa aliyegombana na mahindi ya jirani

Ukungu bado umelalia mashamba ya ngano wakati Hosea Murunga anapoiwasha pikipiki yake na kuingia uwanjani. Anaendesha polepole, akitazama kushoto na kulia. Mbele yake kanga watatu wanavuka lami bila haraka yoyote, utadhani wao ndio wenye uwanja.

"Tokeni hapo! Mnataka kuua mtu?" anawafokea huku akibonyeza honi.

Kanga wanatimua mbio. Murunga anashuka, anaokota mzoga wa sungura kando ya lami na kuutia kwenye gunia. "Huyu nikimwacha, mwewe atamfuata," anaeleza. "Na mwewe akija, kuna rubani atakutana naye uso kwa uso."

Hii ndiyo kazi yake katika uwanja mdogo wa ndege wa kibinafsi ulio kati ya Eldoret na Moiben. Hapa hutua ndege ndogo za wanafunzi wa urubani, za wageni, na mara mojamoja ile inayokuja kuchukua mgonjwa. Kabla ndege haijatua wala kuruka, sharti Murunga apite kwanza, kisha atangaze kwa redio ya mkononi kwamba lami ni safi.

Mamake, aliyeko Bungoma, hakuielewa kazi hiyo hata kidogo. "Aliniuliza, 'Umemaliza form four ukaenda kufukuza njiwa kama watoto wa shamba la mtama?'" Murunga anasema akicheka. "Nikamwambia, mama, hii shamba yangu mavuno yake ni watu wafike nyumbani."

Anayedhani huo ni mzaha hajaona kioo cha ndege kilichogongwa. "Njiwa ni kitu unashika na mkono moja," anasema. "Lakini ndege ikiwa mbio, huyo njiwa ni jiwe."

Shida yake kubwa huja na mavuno. Mahindi yakishapukuchuliwa lazima yakauke upesi, la sivyo yanaingiwa na sumukuvu na mnunuzi hayatazami mara mbili. Kila mkulima wa huku anajua kwamba lami iliyopigwa na jua hukausha kuliko udongo. Ndiyo maana kwa miaka mingi mwenye uwanja aliwaruhusu majirani kuanika mahindi yao pembezoni mwa lami. Ulikuwa ujirani mwema, na hakuna aliyeona ubaya.

Kisha, msimu wa mavuno uliopita, kundi la njiwa liliruka kutoka kwenye mahindi hayo wakati ndege ya mafunzo ikipaa. Mmoja alivunja kioo cha mbele. Ciku, mwanafunzi aliyekuwa akiirusha, alikatwa na vigae juu ya jicho. Mwalimu wake, Johnstone, alishika usukani na kuirudisha chini salama. Siku hiyohiyo uanikaji ukapigwa marufuku, na Murunga akaagizwa kuhakikisha hakuna anayekaidi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, na yalianzia kwa Mama Jemutai.

Shamba la Mama Jemutai limepakana na ua wa uwanja. Nyumba anayoishi Murunga na familia yake ni ya mama huyo pia, na watoto wa Murunga humwita gogo, yaani nyanya. "Nilimpa nyumba akiwa hana hata sufuria," anakumbuka mama huyo. "Halafu anakuja kunifukuza mimi na njiwa pamoja! Niliumia, siwezi kudanganya."

Maziwa ya watoto yalikoma kuletwa. Salamu zikakatika. Mavuno ya mwaka huu yalipofika, Mama Jemutai alimwambia waziwazi atafute nyumba kwingine.

Kisha mvua ikanyesha mfululizo, na mahindi yakaanza kunuka maguniani. Asubuhi jua lilipochomoza, Mama Jemutai hakuomba ruhusa ya mtu. Alipenya kwenye ua akiwa na vibarua wake wawili wa shamba, akatandaza turubai kando ya lami na kuyamwaga mahindi yake. Murunga alikuwa mwisho wa upande wa pili wa uwanja. Angani alikuwa Ciku, akirusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza tangu ile ajali.

"Nilipoona njiwa wanashuka, nilishika redio kwanza," Murunga anasema.

Alimwambia kwa redio, "Ciku, usitue. Zunguka tena." Kisha akaja na pikipiki mbio, honi ikilia. Njiwa waliruka, wakazunguka kidogo, wakarudi palepale. "Wakishaona chakula, honi yako kwao ni muziki tu."

Mama Jemutai alisimama mbele ya turubai, mikono kiunoni. "Ukigusa mahindi yangu, Murunga, leo utalala kwa barabara na watoto wako!"

Murunga alivua helmeti. "Mama, huyo ako juu ni yule msichana aliumia jicho," alimwambia. "Ako peke yake. Na mafuta haitatungoja tukigombana."

Mama Jemutai aliinua macho. Ndege ilikuwa ikipita juu yao, ndogo, ikinguruma. "Huruma ilinishika," anasema. "Mimi pia nimezaa wasichana."

Akafungua leso kiunoni, akashika pembe ya turubai. "Sasa wewe unangoja nini? Shika upande huo!"

Waliliburuta hadi nje ya ua. Mahindi yaliyomwagika yakawavuta njiwa tena, basi mama akapiga magoti kwenye lami, akayafagia kwa leso, akiwakemea njiwa kwa Kikalenjin hadi sauti ikakauka. Ndipo Murunga akasema kwenye redio, "Lami ni safi."

Ciku alitua. Alikuja kuwasalimia. Mama Jemutai aligusa kovu la Ciku kwa kidole gumba, akasema, "Kuja unywe chai."

Si kwamba yote yaliisha vizuri. Sehemu ya mahindi iliharibika kabla pasta hajawapa majirani uwanja wa kanisa wa kuanikia. Lakini Murunga hajahama, na akitoka zamu hupitia kanisani kugeuza mahindi na kufukuza njiwa. "Huku nafanya bure," anatania.

Amemwomba mwenye uwanja kipande cha ardhi mbali na lami, majirani wajenge vichanja vyenye wavu kabla ya mavuno yajayo. Bado anasubiri jibu. "Sitaki kazi yangu iwe kusema hapana tu," anasema. "Nikimwambia mtu atoe mahindi hapa, nataka nimwonyeshe pa kuyapeleka."

Kanisani, mngurumo wa ndege unasikika. Mama Jemutai anaacha kazi, anakinga macho kwa kiganja na kuifuata ndege hiyo hadi inapopotelea nyuma ya miti. Anasikiliza mpaka injini inyamaze.

"Ameshuka," anasema, na kuinama tena kwenye mahindi yake.