Ugonjwa wa Ukoo wa Rhobi

Rhobi wa Butiama hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe alipofariki alifanya kama wafanyavyo wajane wengine wa Mara: alitoa ng'ombe, akaoa. Mke aliyemwoa ni Marieta, binti wa Kisorya, ili amzalie watoto wa kuendeleza nyumba. Ndiyo nyumba ntobhu hiyo. Marieta alimzaa Grace, na Grace akapewa jina la ukoo wa Rhobi. Mwanamume aliyehusika hakutajwa; kwa mji ule ni kama hakuwahi kuwapo.

Mwaka jana Rhobi alianza kutokwa damu, ilhali hedhi ilikoma zamani. Alinyamaza kwa aibu, na aibu ni mshauri mbaya. Alipofikishwa Mwanza, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Akarudishwa nyumbani na dawa za maumivu.

Ndugu wakakaa kikao. Wakakumbuka kwamba shangazi yake Rhobi naye alikufa kwa tumbo. Basi, ni ugonjwa wa ukoo.

"Grace apelekwe Musoma akapimwe," alisema Magesa, kaka yake Rhobi. "Huyo ndiye damu yetu."

Marieta akatakiwa kumsindikiza tu. Yeye ni wa kuja. Na Grace hana hata tone la damu ya Rhobi, ila nani angelisema hilo kikaoni? Ng'ombe walikwisha kutolewa. Kikulacho ki nguoni mwako, na wao walikuwa wanakitafuta kwenye ukoo.

Musoma walipokelewa na nesi Agness, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Huu kwa kawaida haurithiwi, mama," akamwambia Marieta. "Mwilini tuna jeni za ulinzi. Seli ikiharibika, zinaizuia isizaliane. Sasa kuna kirusi kinaambukizwa kwa kujamiiana. Kikikaa miaka mingi kinaweza kuwazima hao walinzi. Hapo seli mbovu zinaongezeka, na zinazidi kuharibika."

"Kama wezi wa ng'ombe," Marieta akasema. "Wanamlishaga mbwa sumu kwanza."

"Hivyo hivyo. Mtoto ana miaka mingapi?"

"Kumi na nne."

"Huyu apate chanjo, inatosha. Wewe ulishawahi kupimwa?"

"Mimi? Mimi si wa ukoo ule, nesi."

"Kwani kirusi kinaulizaga ukoo? Panda kitandani."

Alipopakwa siki, ambayo hugeuza seli mbovu kuwa nyeupe, sehemu moja ya mlango wa kizazi iligeuka nyeupe. Haikuwa saratani bado, ila ilikuwa inaelekea huko. Waliichoma kwa kifaa cha joto siku hiyo hiyo, wakamtaka arudi kuangaliwa baada ya mwaka. Marieta aliogopa sana. Alilia nje, mbele ya watu, na Grace akamshika mkono.

Jioni Rhobi aliuliza akiwa amelala, "Mtoto?"

"Mzima, mama. Amechanjwa."

"Na wewe mbona unakaa upande?"

Marieta akamweleza yote. Tangu amwoe, Rhobi alikuwa amemtuma kisimani, sokoni na shambani, na hakuwahi kumuuliza kama anaumwa.

"Tulikuwa tunamtafuta mgonjwa, tukakuruka wewe," akasema. "Mwakani urudi huko. Usingoje kutumwa, mimi sitakuwepo."

Marieta akamgeuza ubavu wa pili, taratibu, akamfunika.