Simba wa Chetezo

Kwetu udi una adabu yake. Mgeni akishakula na kunywa kahawa, chetezo huletwa, akajifukiza nguo, akaaga. Baada ya udi hakuna kukaa. Mtu wa nyumbani haletewi, maana aende wapi?

Chetezo cha mama ni cha shaba, cha Kichina, na ni cha zamani hasa; muuza vitu vya kale mmoja wa soko la Matrah alikigeuza chini, akaziangalia herufi za Kichina zilizochongwa kitakoni, halafu ikawa kazi kukitoa mikononi mwake. Babu alikinunua Unguja, kikaja Maskati kimefungwa kwa kanga. Kina miguu mitatu, na juu ya kifuniko amekaa simba katumbua macho, moshi unamtoka kinywani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimkimbia. Mama akinicheka.

"We! Huyu hamli mtu wa nyumbani. Anatoa wageni tu."

Sasa mama anakaa Mabela kwa kaka yangu, na akili yake inapungua. Alianza kusahau majina ya majirani. Halafu akawa anamuulizia baba, ambaye tulimzika zamani. Daktari alisema ipo siku atatusahau na sisi. Kaka alilia palepale. Mimi nilimkasirikia daktari, kana kwamba maradhi kayaleta yeye.

Tangu hapo, kila Ijumaa nikiingia, simtazami mama kwanza. Namtazama yule simba juu ya kabati. Nikimwona hafuki moshi, nashusha pumzi. Mama akiinuka tu, hata kwa kwenda msalani, moyo unanienda mbio. Wifi yangu hunitania: "Mtu mzima unaogopa chetezo?" Naogopa, ndiyo. Naogopa kuliko nilivyoogopa utotoni.

Ijumaa iliyopita tulikuwa tunazungumza vizuri, ananilalamikia samaki walivyopanda bei. Wifi alikuwa juu anamwogesha mtoto. Mama akanyanyuka, akanipa mgongo, akachukua kitu kabatini nisichokiona, akaingia jikoni. Nikasikia jiko linawashwa. Nikajiambia ni chai tu, nisithubutu kutazama juu ya kabati. Nilijiambia hivyo mara nyingi, maana alikawia.

Akarudi amekishika chetezo kwa mikono miwili, simba anafuka. Akanifukiza mtandio, akashuka mpaka kwenye pindo la nguo, taratibu, kwa heshima zote.

"Nnakushukuru kwa kunizuru, bibie," alisema. "Ningekwambia ukae, lakini nna mwanangu anakuja leo, na hata wali sijauteleka."

Nilivaa viatu, nikatoka, mlango ukafungwa nyuma yangu. Nilisimama juani nanukia udi mwili mzima, nalia kama mtoto. Nikajifuta uso kwa mtandio, nikabonyeza kengele. Nikasikia kandambili za mama zinakuja.