Elbo Chini ya Kitanda

Mume wangu alihamia kijijini kwetu Mamba na injini ya boti, na kwa miaka yote niliishi nikijua kwamba siku moja angeweza kuondoka nayo.

Ni injini ya dizeli, ya zamani, nzito kama dhambi. Ilikuwa kwenye boti lake la mbao kule Ikola, alilobebea abiria na dagaa kandokando ya Ziwa Tanganyika. Mimi ni Mpimbwe wa Mamba, binti wa wakulima wa mpunga, na ziwa nililiona kwa mara ya kwanza nilipoolewa. Tulihamia huku mama yangu alipougua, maana hakuwa na mwingine wa kumuuguza. Boti lilikuwa limeoza mbavu, mbao zake zikaishia jikoni kwa watu, lakini injini aligoma kuiuza. "Tunaenda kwa muda tu," alisema. Mama alifariki, tukazika, tukabaki. Injini ikafungwa bandani, ikawa inazungusha mashine yetu ya kukoboa mpunga na kusaga mahindi.

Kwenye maji, moshi wa injini ile ulikuwa unatoka pamoja na maji. Pampu ilivuta maji ya ziwa, yakaipoza injini, kisha yakaingia kwenye elbo, kile kipande cha chuma kilichopinda pale bomba la moshi linapoanzia. Humo yalichanganyika na moshi, yakaupoza, vyote vikatemwa nje nyuma ya boti. Mume wangu aliendesha akigeuka nyuma kila baada ya muda mfupi. Nilipokuwa bibi harusi nilidhani ananitazama mimi, niliyekaa nyuma na mabegi yangu, nikawa naiweka sawa kanga yangu. Kumbe mwenzangu anatazama bomba! "Likitema vizuri tutafika," aliniambia. "Likitema kidogo, ujue elbo imeziba." Kwa hiyo aliifungua mara kwa mara, akakwangua masizi na kutu kwa waya, akapuliza njia za maji kwa mdomo mpaka mashavu yakamvimba. Elbo ikiziba, injini inachemka katikati ya ziwa, na huko hakuna wa kumwita.

Nchi kavu mambo yakawa mengine. Maji ya kuipoza injini yalizunguka kwenye pipa, na maji ya pipa huwezi kuyatema ovyo. Akaing'oa elbo, akatengenezesha bomba kavu lililopita ukutani na kupanda juu kuliko bati. Mume wangu alijua kila njia ambayo maji yanaweza kuirudia injini kutoka nyuma. Kwamba maji yanaweza kuingia kutoka juu, hilo hakuwahi kuliwaza. Mvua ya kwanza ya msimu ilipiga usiku kucha, ikaingia bombani, na asubuhi aliposhika hendeli injini haikuzunguka. Nilicheka mpaka nikaishiwa pumzi. Nahodha mzima, kazamishwa na mvua uani kwake! Kisha nikamwona anafungua nati moja baada ya nyingine, kicheko kikaniisha.

Tangu hapo kufunika bomba ikawa kazi yangu. Kila jioni likishapoa napanda juu ya kinu kikuukuu tulichokipindua pale nje, nalivisha sufuria iliyobonyea. Yeye alisahau kila siku. Wingu likikusanyika, mtu yeyote wa Mamba anainua shingo. Mume wangu aligeuka kutazama magharibi, upande liliko ziwa.

Elbo yenyewe ilikaa ndani ya gunia chini ya kitanda chetu. Baadhi ya Jumapili, tukishatoka misa na kula, aliivuta, akaikwangua, akapuliza njia zake za maji, akaipaka oili na kuifunga tena kwa nailoni. Alikuwa anasafisha njia za maji za chuma kisichopitisha maji hata tone. Nilikuwa namtania kwamba laiti ningejua naolewa uke wenza ningeleta kitanda kikubwa zaidi. Alicheka. Mimi sikuwa nacheka sana. Nililionea wivu gunia lile, na nililiogopa. Maadamu elbo ilikuwa nzima, injini ingeweza kurudi kwenye maji, na mume wangu angeifuata. Mimi ningebaki na makaburi ya wazazi wangu na mashine isiyo na kitu cha kuizungusha.

Mwaka huu, mvua za masika zikiwa kwenye nguvu, banda lilijaa watu. Wateja walikuwa wamefunga mlango na dirisha ili mahindi yasilowe. Mama mmoja wa Kisukuma, wa zile familia zilizohamia na ng'ombe, alikuwa amekaa juu ya gunia lake karibu na ukuta wa injini.

"Nyie, mbona kichwa kinanigonga hivi?" aliuliza. Kabla hajajibiwa, aliteleza kutoka juu ya gunia akalala sakafuni.

"Zima! Zima injini!" nilipiga kelele. Tulimbeba wawili, tukamtoa nje mvuani. Nilimpakata kichwa, nikawa namwita mama kwa Kisukuma chake, "Mayu, amka. Mayu!" Alichukua muda. Alipofumbua macho alitapika, akauliza mahindi yake yako wapi. Nikakumbuka maumivu yangu ya kichwa ya kila jioni, ambayo siku zote nilisema ni ya joto na kelele.

Nilirudi ndani nikiwa nawaka. "Unataka tuzike watu hapa?" nilimwuliza mume wangu. Alikuwa amechuchumaa pale bomba linapoungana na injini, kiganja kakiweka karibu na maungio. Nilichungulia, nikaona udongo wa mfinyanzi na waya alivyokuwa amezibia, vimeachia vyote, na masizi pale moshi ulipokuwa unavujia.

Tatizo lilikuwa flenji, ile sahani ya chuma inayoliunganisha bomba na injini kwa bolti. Ya bomba letu ilikuwa nyembamba, ya kuungaunga. Ikipata moto inapinda, nati zinalegea, gasketi ya kuziba katikati inaungua, moshi unapata pa kupitia. Alikata gasketi mpya, haikumaliza wiki. Aliongeza nati, ikawa vilevile. Ilitakiwa flenji nene, ya injini ileile, isiyopinda kwa moto, na sote wawili tulijua iko wapi. Lakini ili ile ya elbo ifae huku ilibidi elbo yenyewe ikatwe shingo yake ya maji na kuchomelewa bomba la kupanda juu. Ikishakatwa, basi.

Mashine ilikaa kimya. Watu walibeba mahindi yao wakapita mbele ya mlango wetu kwenda kwa wengine. Na mimi nilinyamaza, jambo ambalo si tabia yangu, kwa sababu neno hilo nilitaka alitoe yeye.

Asubuhi moja aliinama akavuta gunia. "Jiandae," alisema. "Twende Mpanda."

Ndani ya basi alilipakata mpaka tukapita Sitalike na kuingia mjini. Fundi wa kuchomelea aliigeuzageuza elbo, akalitazama tundu la maji.

"Mzee, hii si ya boti? Nikiikata hairudi tena majini."

Mume wangu aliichukua mkononi mwake. Aliweka mdomo kwenye lile tundu, akapuliza mara moja. Hewa ikapita vizuri, safi kabisa. Kisha akaomba chaki, akachora mstari yeye mwenyewe. "Kata hapa."

Siku hiyo niliingojea kwa miaka. Nilidhani nitapiga vigelegele. Grenda ilipoanza kulia na cheche kuruka, nililia kama nimefiwa.

"Sasa unalia nini?" aliniuliza. "Si ulikuwa unaichukia?"

"Mke mwenza akifa, halii mtu?"

Alicheka, lakini macho yake hayakuwa makavu.

Fundi alipasha chuma kwenye mkaa, akachomelea, kisha akakizika kwenye majivu. Kikipoa haraka kitapasuka, alisema, tukiache kipoe chenyewe. Tukakaa kwenye benchi kungoja. Hapo nikamwuliza swali nililokuwa nalo tangu tumzike mama.

"Na ukitaka kurudi ziwani?"

"Nitapanda gari," alisema, "kama watu wengine."

Tulipoifunga nyumbani, aliwasha injini, akaiacha ipate moto, halafu akapitisha unyoya wa kuku polepole kuzunguka flenji. Kama moshi unavuja, unyoya unacheza. Haukucheza. Yule mama wa Kisukuma alikuja na mahindi wiki hiyohiyo. Kwanza alikaa mlangoni kabisa, akinusa. Baadaye akalisogeza gunia lake ndani.

Jioni ya siku hiyo wingu zito lilipanda kutoka upande wa mashamba. Nilikwenda kuchukua sufuria kwenye msumari wake, sikuiona. Nikaanza kufoka, maana hapa kwetu sufuria haina miguu, na nikazunguka banda nikitafuta mtu wa kumlaumu.

Mume wangu alikuwa amesimama juu ya kinu. Alikuwa ameipa magharibi kisogo, shingo ameiinua, anayatazama mawingu.

"Usiku wa leo itanyesha," alisema. "Nimeshafunika."